Waya wa baharini ukikatika, mfumo wako ubaki hai

Sisi wa Unguja hili hatuhitaji kuhadithiwa. Mwezi wa 12 mwaka 2009 umeme wa kutoka bara ulikatika tukakaa gizani karibu miezi 3, na tarehe 12 mwezi wa 5 mwaka 2024 zikakatika nyaya mbili za intaneti baharini, EASSy na Seacom, mtandao ukawa wa kusukuma. Sasa kama unatengeneza mfumo wa tiketi za boti au buking za geti hausi kule Nungwi, panga kuanguka kwake toka siku ya kwanza.

Kabla hujafungua akaunti ya klaudi, yaani seva za kukodi kwenye mtandao, muulize mwenye biashara masuala mawili: mfumo ukizima anaweza kuvumilia muda gani, na data za dakika ngapi zikipotea atastahamili. Mafundi wanaita RTO na RPO. Boti ya asubuhi ya kwenda Mkoani kule Pemba dakika 15 ni nyingi mno, abiria washajaa bandarini, lakini geti hausi inaweza kukaa hata masaa 4 ila buking hata moja isipotee, maana mgeni atafika na mabegi yake chumba hana. Andika hizo namba, gharama zote zinatokea hapo.

Halafu weka seva mbili kwenye zoni mbili (vituo vya seva vilivyotengana) za kanda moja, lodi balansa ya kugawa wateja baina ya seva mbele, na databesi iwe na replika, yaani nakala yake hai, inayoandikwa papo kwa papo. Kanda ya AWS, klaudi ya Amazon, ya Cape Town ina zoni 3, kwa kuanzia inatosha. Ila bakapu itoke nje ya kanda hiyo kabisa na ikae kwenye akaunti nyingine yenye paswedi nyingine. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa, na kuna wateja bakapu zao zilikuwa hapo hapo, zikaungua pamoja.

Ukiweka replika kanda ya mbali itakuwa nyuma kwa sekunde kadhaa, hizo ndo utakazopoteza. TTL ya DNS, yaani muda ambao kompyuta za watu zinakumbuka anwani ya seva yako, iweke sekunde 60 mapema, kwa sababu ukiiacha siku nzima watu wataendelea kugonga mlango wa seva iliyokufa. Na kabla hujaipa replika ukuu, yaani kuifanya ndo databesi kuu, hakikisha ile kuu ya zamani imefungwa haiandiki tena, manahodha wawili chombo huenda mrama, zote mbili zikipokea oda utakesha wiki nzima unapatanisha data.

Sasa hapa kwetu mara nyingi klaudi iko nzima ila wewe ndo huifikii, na hili naona halipewi uzito wake. Kaunta ya bandari ya Malindi hapa mjini na ya Mkoani kila moja ipewe viti vyake vya dharura, tuseme 10, iviuze bila mtandao na kuhifadhi kwenye kompyuta pale pale halafu ipeleke laini ikirudi, hapo hamna kiti kitachouzwa mara mbili. Kila muamala uwe na namba yake inayotengenezwa pale kaunta, seva ikiiona mara ya pili irudishe jibu lile lile isikate pesa tena. Ruta iwe na UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, na ukinunua laini mbili za kampuni tofauti uliza kwanza kama zote zinapita waya mmoja.

Kisha jaribu, tena jaribu kweli. Kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017 fundi wao alifuta databesi kuu kwa bahati mbaya, wakaenda kwenye bakapu wakakuta hazifanyi kazi, wakaokolewa na kopi ya masaa 6 nyuma. Mie nimewahi kukuta bakapu za usiku za mwezi mzima ni faili tupu, na ripoti kila asubuhi inasema imefaulu, toka siku hiyo siamini bakapu mpaka niifungue nihesabu safu zake.

Kila miezi 3 chagua usiku usio na wateja, zima databesi kuu kwa mkono, shika saa uone inachukua dakika ngapi. Hatua zote ziwe kwenye karatasi ukutani pamoja na namba za simu. Na fanyeni mazoezi ya kurudi pia: data zilizoandikwa kanda ya pili zirudishwe zote kwanza, zihakikiwe, ndo ukuu urudi kanda ya mwanzo.