Debe la katuni: jinsi ya kulifanya lidumu

Saluni yangu ya kunyoa iko Arua, Uganda, viti vitatu na benchi moja. Chini ya benchi pana debe la vitabu vya katuni, na watoto wengine huja kwa ajili ya debe hilo hata nywele hazijaota. Ukitaka la kwako, liwe la saluni, la steji ya bodaboda au la nyumbani, haya nimejifunza kwa hasara.

Kuvipata si kazi. Soko la Owino kule Kampala, kwenye mafungu ya vitabu vya mitumba, chimba chini kabisa. Juu ni vya shule tu. Vya Kifaransa, Tintin na wenzake, naletewa na wafanyabiashara wanaovuka kutoka Ariwara, upande wa Kongo. Lugha isikutishe. Mtoto asiyejua Kifaransa hata neno moja humsimulia mwenzake kitabu kizima kwa Kiswahili, na mara nyingine hadithi yake ndiyo tamu zaidi.

Usitumie boksi la karatasi. Mimi nilitumia, mchwa wakala boksi kisha wakashushia na vitabu. Debe la bati, juu ya matofali mawili, mbali na ukuta.

Katuni hufia mgongoni. Zile pini mbili hushika kutu, kutu inakula karatasi, kurasa za katikati zinachomoka. Zikunjue kwa ncha ya kisu, usizivute. Pitisha sindano na uzi wa pamba kwenye matundu yaleyale, funga fundo kwa ndani.

Ukurasa ukichanika, selotepu kaa nayo mbali: gundi yake huzama karatasini, ikawa kahawia, halafu plastiki ikabanduka yenyewe. Tafuta ile karatasi laini inayofungiwa viatu vipya. Ichane kwa mkono, usikate kwa mkasi, ili ukingo ubaki na nyuzinyuzi za kushikilia. Koroga wanga wa muhogo motoni uwe kama uji wa mgonjwa, uache upoe, upake kidogo sana kwa kidole, laza kipande juu ya mchaniko. Ikandamize kwa tofali kati ya karatasi nyeupe kavu, na uzibadilishe kila zikinyonya maji. Kesho yake hutaona pa kuanzia.

Kilicholowa usikianike juani. Vitabu vya karatasi ya gazeti hugeuka njano upesi na wino hufubaa. Vya karatasi ya kung'aa ni vibaya zaidi: vikikauka vimefumbwa, kurasa hugandana moja kwa moja. Zitenganishe zingali mbichi.

Kuna mteja huniambia nivitie plastiki nivifungie, siku moja vitaniletea utajiri. Kweli, Action Comics namba 1, alimotokea Superman mwaka 1938, iliuzwa senti 10 za Marekani, na mwaka 2024 nakala moja ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Lakini zimebaki chache kwa sababu watoto walizisoma mpaka zikachakaa, nyingine zikakusanywa kama karatasi taka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mimi niko upande wa waliozichakaza.

Kibanda cha video usishindane nacho. VJ, yule anayetafsiri filamu kwa sauti yake, akionyesha Black Panther Jumamosi, Jumatatu weka kitabu chake juu. Nawaambia Florence Kasumba, yule Ayo mlinzi, alizaliwa Kampala, na kwamba T'Challa, Black Panther mwenyewe, alikuwa kwenye karatasi tangu 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, kabla baba zao hawajazaliwa. Hapo ubishi huwaka mpaka mtu anapitwa na zamu yake ya kunyolewa.

Kuazima nyumbani ndiko kwenye taabu. Daftari nilijaribu, likajaa majina ya uongo. Sasa anayechukua kitabu anaacha ndala moja. Wiki iliyopita mvulana alikuja akirukaruka kwa mguu mmoja.

"Shikamoo Mzee. Sijamaliza. Niongezee siku mbili."

Nilimwongezea. Ndala yake ingali hapa chini ya kioo.