Kubadilisha oili ya gia kwenye injini ya boti

Hapa Kirumba mwaloni, Mwanza, kila mvuvi anajua kupima oili ya kuchanganya na petroli. Muulize lini alibadilisha ile ya gia, iliyo chini karibu na pangaboi. Atacheka tu.

Injini mpya ibadilishwe baada ya saa 10 za kwanza, kisha kila saa 100 au miezi 6. Anayekesha kwenye dagaa hafiki hata miezi mitatu.

1. Isimamishe injini wima ilale usiku mzima. Kama kuna maji ndani, yatazama na kutoka ya kwanza asubuhi.

2. Weka beseni. Ubavuni kuna skrubu mbili. Fungua ya chini, halafu ya juu ili hewa iingie, la sivyo utangoja hadi jua lizame. Tumia bisibisi bapa nene inayojaa mfereji wa kichwa cha skrubu. Nyembamba inaukwangua, na hapo utatafuta fundi wa kuchomelea.

3. Iangalie oili kabla ya kuimwaga. Nyeusi imechoka tu. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kama skrubu yako ina sumaku, ifute kwa kidole: unga laini kama masizi ni kawaida, lakini ukikuta vipande vinavyong'aa kama magamba, gia inamegeka. Usiiwashe tena.

Hapo kwenye chai ya maziwa ndipo watu wanapoliwa hela. Mzee mmoja aliniletea kichupa cha dawa ya oili: "Fundi, mimina hii, nimeambiwa inaziba." Nikamwambia, shikamoo mzee wangu, lakini kichupa hakishoni sili, ule mpira unaozuia maji kuingia kwenye gia. Nikavua pangaboi. Nyuma yake uzi wa nyavu ulikuwa umejiviringisha kwenye shafti, chuma kinachozungusha pangaboi, umekaza hadi kuikata sili. Tukaweka sili mpya, kichupa akarudi nacho. Tangu hapo kila injini ninayoshika navua pangaboi hata kama oili ni safi, natoa uzi, napaka grisi, nairudisha.

4. Jaza kutoka chini kwenda juu. Ukimiminia juu unafungia hewa ndani, unadhani imejaa kumbe nusu. Tumia oili ya gia namba 90, siyo ya injini ya gari. Sukuma kwa pampu tundu la chini mpaka itoke juu bila mapovu. Mashine ya nguvu farasi 15 inakunywa kama robo lita. Funga ya juu kwanza, ndipo uchomoe pampu na kufunga ya chini haraka. Washa za skrubu, zile pete ndogo, ziwe mpya, bei yake ni ndogo mno kuzibania.

5. Oili chafu itie kwenye dumu. Maji ya bomba ya mji huu yanavutwa ziwani humu humu, kama pale Capri Point. Maseremala wataichukua kupaka mbao, mchwa hawaipendi.

Baada ya safari ya kwanza iache ilale tena, kisha legeza skrubu ya chini kidogo, tone moja lidondoke. Likiwa na rangi ya chai ya maziwa, rudi kwenye sili.