Jinsi ya kuwafanya majambazi washukiane katika filamu fupi

Wizi wenyewe usiupige picha. Katika filamu ya Reservoir Dogs ya 1992, uporaji wa duka la vito hauonyeshwi kabisa. Tunawakuta wezi baadaye, kila mmoja akimpima mwenzake. Bajeti yako ya Kisumu inaruhusu hivyo hivyo: watu wanne, stoo moja, mfuko mmoja wa pesa.

Anza na hesabu. Noti 100 za elfu moja ni laki moja, kwa hiyo milioni moja na laki mbili ni maburungutu 12, matatu kwa kila mtu. Wakipata 11, hakuna haja ya mtu kupaza sauti. Kamera ibaki kwenye mikono inayopanga mezani: matatu, matatu, matatu, mawili. Ndipo uende kwenye uso wa yule wa nne. Maburungutu utayatengeneza kwa magazeti yaliyokatwa na kufungwa kwa karatasi ya kaki. Usitoe kopi ya noti, ni kosa la jinai.

Kabla ya kuandika mazungumzo, andika kwa kila mhusika anachojua, anachoficha na anachodhani kuhusu wenzake. Hilo la tatu ndilo linaloendesha filamu. Skripti nyingi huharibika kwa sababu msaliti amefichwa hadi mwisho, na mtazamaji anakaa dakika kumi bila cha kuogopa. Mwonyeshe mapema jambo moja ambalo wengine hawajaliona: jamaa aliyeapa kwamba simu yake imezimwa, kisha mlio wa ujumbe wa M-Pesa unasikika mfukoni mwake akiwa peke yake.

Halafu kuna lugha, na hapa Kisumu tuna utajiri ambao waandishi wanauacha bure. Weka wawili wanaozungumza Kijaluo na mmoja wa Mombasa asiyekielewa. Wakihamia Kijaluo ghafla, yeye anaambulia jina lake tu. Wanachosema kiwe cha kawaida kabisa, kwamba hajala tangu asubuhi. Usiweke tafsiri chini ya picha. Mtazamaji wa Kondele hapa Kisumu, anayekielewa Kijaluo, ataumia akimwona anajipalia makaa bila sababu; wa Malindi atashuku pamoja naye.

Wakati wa kupiga, rudia kila mazungumzo mara moja nzima kamera ikiwa kwa anayesikiliza. Usipofanya hivyo, mhariri atakosa uso wa kukatia na shaka yote itapotea. Maneno yakiisha, hesabu hadi tano kimoyomoyo kabla ya kusema "kata". Macho ya mwigizaji husema mengi katika sekunde hizo.

Stoo za mabati kule Kibuye zinapendeza, ila mvua ya alasiri itameza sauti yote. Piga asubuhi, na urekodi dakika moja ya ukimya wa chumba. Mlio wa simu urekodi kando, uuingize wakati wa kuhariri, chini kidogo, kiasi kwamba mtazamaji ajiulize kama ameusikia kweli.