Jinsi ya Kujitambua Ndotoni Mara kwa Mara

Ndoto ya kujitambua ni ile ambayo mwotaji, akiwa bado usingizini, anajua kwamba anaota, na pengine huweza kuamua aelekee wapi. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull nchini Uingereza, mtafiti Keith Hearne alirekodi kwa mashine ishara za macho za mtu aliyelala fofofo, ambaye aliyapeleka macho yake kushoto na kulia ndani ya ndoto kama walivyopatana kabla hajalala. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alithibitisha jambo hilohilo, kisha akaunda mbinu ya kulala ukijikumbusha kwamba utajua unaota, ambayo kwangu imezaa matunda kuliko nyingine zote. Wengi huijaribu na kuiacha kwa sababu huifanya katika saa isiyofaa.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na ndani ya kila mzunguko kuna kipindi cha ndoto, ambapo macho huchezacheza chini ya kope. Mwanzoni mwa usiku kipindi hicho ni cha dakika chache tu, lakini kuelekea alfajiri huweza kufika nusu saa au zaidi. Kwa hiyo anayefanya zoezi lake mara tu anapopanda kitandani anatwanga maji kwenye kinu. Lala kwanza saa tano au zaidi kidogo, ndipo uamke. Mkazi wa Kampala anayelala saa 4 usiku ategeshe kengele saa 9:30. Anayelala saa 6 anaweza kuamshwa na adhana ya Alfajiri, mradi asubuhi hiyo hana haraka ya kwenda kazini. Tena, kwa kuwa sisi tuko kwenye ikweta na jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, ratiba ukishaipanga haikusumbui tena.

Ukiamka, usiwashe taa kali wala usifungue simu. Keti ndani ya chandarua kwa takriban nusu saa, ukumbuke ndoto uliyotoka kuiota, na utafute ndani yake jambo lisilowezekana. Mimi, kwa mfano, huota mara nyingi nimekaa katika teksi ya kwenda Jinja ambayo abiria wake wote ni watoto niliosoma nao darasa la tatu, nao hawajakua hata kidogo. Basi hulala tena nikiipitia ndoto hiyo akilini, ila safari hii nageuka, nawaona wale watoto, na kusema, "Hii ni ndoto." Kisha narudia kwa dhati, "Nitakapoota tena, nitakumbuka kwamba naota," mpaka usingizi unichukue. Utafiti wa Denholm Aspy wa Australia uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliopata usingizi ndani ya dakika 5 baada ya zoezi hili walifanikiwa zaidi, kwa hiyo ukiona umekuwa macho kabisa, punguza ile nusu saa.

Yote haya yanahitaji kumbukumbu. Weka daftari la shule na kalamu kando ya mto, na uandike kila unapoamka, hata kama umebakiwa na rangi moja tu au sauti ya mtu.

Mchana nao una kazi yake. Soma namba ya bodaboda iliyosimama mbele yako, tazama pembeni, kisha uisome tena: ndotoni maandishi mara nyingi hubadilika. Au bana pua na ujaribu kuvuta pumzi. Hewa ikipita, unaota. Jiulize kwa kutaka kujua kweli, kwa maana swali la mazoea huulizwa ndotoni kwa mazoea vilevile na kujibiwa vibaya.

Waragi (pombe kali) wa jioni hupunguza usingizi wa ndoto, basi uuache siku hiyo. Usikatishe usingizi zaidi ya mara mbili kwa wiki, hasa kama unaendesha chombo barabarani, na mwenye maradhi ya akili yanayomchanganyia kweli na njozi amwone daktari kwanza. Huenda pia jinamizi likakukaba: umeamka, nawe huwezi kusogea. Huo ni ulegevu wa misuli unaokuja na usingizi wa ndoto, ambao bado haujaisha. Pumua polepole, jaribu kuchezesha kidole cha mguu, nao utapita.

Siku utakapojitambua, furaha yenyewe ndiyo itakayotaka kukuamsha. Usikimbilie kuruka angani. Simama, sugua viganja mpaka uhisi joto lake, gusa ukuta au udongo ulio karibu, ndipo uanze kutembea. Ndoto ikikatika, usifumbue macho wala usijigeuze. Baki ulivyolala, rudisha akilini mahali ulipokuwa umesimama, kwani mara nyingine huchukua dakika moja tu kujikuta umerudi palepale.