Aikido: anza na kuanguka

Miezi mitatu ya kwanza ya aikido, sanaa ya kujihami ya Kijapani, mwalimu wangu alinifundisha kuanguka tu. Nawe anza hapo. Goti la kushoto chini, bana kidevu kifuani, mkono wa kulia uupinde kama upinde, kisha bingirika kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto. Kichwa kisiguse mkeka kabisa! Ukisikia kishindo mgongoni, mkono umelegea, rudia.

Ukishikwa kifundo cha mkono, usivutane. Geuza nyonga, simama ubavuni mwa aliyekushika.

Inafaa kujihami mtaani? Morihei Ueshiba, mwanzilishi wake Japani, alijifunza kwanza jujutsu, sanaa ya zamani ya kupigana kwa kukaba na kutupa, lakini mitindo mingi ya aikido haina mashindano ya kukupima. Kwa hiyo mwombe mwenzako akushike kwa nguvu za kweli. Mimi kuanguka kumeniokoa mara mbili kwenye pikipiki.