Jinsi ya Kuwasilisha Pingamizi Dhidi ya Ujenzi wa Nyumba Katika Ukanda wa Kijani Nchini England

Ombi la kujenga nyumba katika ukanda wa kijani, yaani ardhi inayozunguka miji na kulindwa dhidi ya ujenzi, huamuliwa na halmashauri ya eneo husika, na mtu yeyote anaweza kulipinga bila kulipa ada. Maelezo haya yanahusu England peke yake, kwa kuwa Uskoti na Wales zina taratibu zao.

Anza kwa kutafuta namba ya ombi na tarehe ya mwisho ya kupokea maoni. Muda huo kwa kawaida haupungui siku 21, nao hupita upesi kuliko inavyodhaniwa. Nyaraka zote huwekwa kwenye tovuti ya halmashauri: ramani, ripoti za usafiri, mafuriko na viumbe hai, pamoja na taarifa ambamo mwombaji anatetea ujenzi wake. Ukikosa nafasi ya kusoma zote, soma hiyo taarifa, kwani hoja zake ndizo utakazozijibu.

Kisha chagua sababu, na hapa ndipo pingamizi nyingi huharibikia. Kushuka kwa thamani ya nyumba yako, kupotea kwa mandhari unayoyaona dirishani na tabia ya mwombaji si mambo ya mipango ya matumizi ya ardhi, hivyo hayapewi uzito hata yakiandikwa na watu elfu moja. Yanayopewa uzito ni kama vile usalama wa barabara, mafuriko, miti, makazi ya wanyama na, zaidi ya yote, malengo ya ukanda wenyewe. Malengo hayo ni matano: kuzuia miji mikubwa isitambae ovyo, kuzuia miji jirani isiungane, kulinda mashambani dhidi ya uvamizi, kuhifadhi haiba ya miji ya kihistoria, na kuhimiza matumizi ya ardhi ya mijini iliyokwisha kujengwa.

Kwa kawaida, ujenzi usiofaa katika ukanda huu haukubaliwi isipokuwa kwa hali za pekee kabisa. Hata hivyo, sera ya taifa iliyorekebishwa Desemba 2024 ilileta dhana ya "ukanda wa kijivu", yaani sehemu za ukanda wa kijani zisizochangia kwa nguvu lengo la kwanza, la pili au la nne, ambazo ujenzi wake huruhusiwa kwa urahisi zaidi endapo masharti mengine yametimizwa. Mwombaji akidai ardhi yake ni ya kijivu, jibu dai hilo moja kwa moja: onyesha kwenye ramani jinsi uwanja huo unavyotenganisha miji miwili, au unavyouzuia mji mkubwa usiendelee kutambaa. Kumbuka kwamba lengo la pili linahusu miji, kwa hiyo hoja ya vijiji viwili kuungana haitakusaidia sana hapo, ingawa ndiyo inayowauma wanakijiji.

Andika barua kwa maneno yako mwenyewe, ukitaja namba ya ombi, jina na anwani yako, na kusema waziwazi kwamba unapinga. Barua huwa wazi kwa umma, kwa hiyo usimkashifu mtu. Barua kumi zenye hoja tofauti zina manufaa kuliko nakala mia za barua moja.

Wakati huohuo mwombe diwani wako alipeleke ombi mbele ya kamati ya mipango, maana maombi mengi huamuliwa na maofisa bila kikao. Likifika huko, jiandikishe mapema ili uzungumze. Muda unaotolewa ni dakika chache tu.

Ombi likikataliwa, mwombaji anaweza kukata rufaa, na barua yako itapelekwa kwa mkaguzi wa mipango atakayeamua rufaa hiyo. Likikubaliwa, mpingaji hana haki ya rufaa. Kinachobaki ni kuiomba Mahakama Kuu, ndani ya wiki sita, ichunguze kama sheria ilifuatwa katika kufikia uamuzi. Njia hiyo ni ya gharama kubwa, hivyo muone wakili katika wiki ya kwanza.