Somo: Kuita ukoo kubariki nyumba mpya hapa Dodoma

Salaam kwenu. Kwa mwezi huu peke yake nimepigiwa simu kumi na moja, zote swali moja: "Dada, ile shughuli ya kuingia nyumbani mliifanyaje?" Naelewa. Tangu serikali ihamie huku watu wanajenga Nala, wanajenga Iyumbu, wanajenga Ihumwa, na ikifika kiangazi hakuna Jumamosi inayopita mtaani bila turubai. Kwa hiyo naandika mara moja, kila kitu. Ukiulizwa na mwenzio, mtumie hili.

Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa, Mwanglikana. Mume wangu ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu. Yetu ya Nzuguni tuliifungua 2021, baadaye nikasimamia za wadogo zangu wawili na ya wifi yangu. Vipimo vyote hapa ni vya watu 80.

Hatua ya 1: Tarehe. Jumamosi, kati ya mwisho wa mwezi wa sita na wa tisa. Mavuno yameshaingia ndani, wazee wa kijijini wana nafasi. Kuanzia Desemba mpaka Aprili acha, barabara za viwanja vipya zikinyesha hazipitiki na gari litabaki kwenye matope na bibi zako ndani. Ukilazimika kuchagua miezi mingine, angalia Ramadhani na Kwaresma. Kabla hujamwambia mtu yeyote tarehe, muulize mchungaji au shehe kama siku hiyo yupo.

Hatua ya 2: Kuwaita wazee. Wazee hawaitwi kwa ujumbe wa grupu. Baba wakubwa, mashangazi na wajomba wanapigiwa simu mmoja mmoja, na anayepiga ni mwenye nyumba mwenyewe, siyo mtoto wake. Upande wa mama usiusahau. Ukoo wa baba utajileta wenyewe, wa mama unasubiri kuitwa.

Hatua ya 3: Majirani na mjumbe. Waambie wiki moja kabla, na uwaalike.

Hatua ya 4: Maji. Usitegemee bomba, hata kama wiki nzima limetoka vizuri. Jaza simtanki la lita 2,000 Alhamisi, siyo Ijumaa jioni wakati mwenye boza hapokei simu. Siku ile sisi tulimaliza kama lita 1,500: kupika, kuosha vyombo, vyoo, na udhu. Weka birika na ndoo ya udhu pembeni, na utandike mkeka safi mahali pa kuswalia. Mgeni asihangaike kuuliza.

Hatua ya 5: Turubai na jiko. Upepo wa mwezi wa saba na wa nane mnaujua. Jana yake simama uani saa tano asubuhi, rusha vumbi kidogo juu, uone linaelekea wapi. Jiko likae huko linakoelekea, wazee wakae upande wa pili. Vinginevyo watakula moshi. Chini ya turubai nyunyiza maji Ijumaa jioni na tena alfajiri, udongo ushikane.

Hatua ya 6: Chakula. Mchele kilo 12, mbuzi wawili, kuku sita wa kienyeji kwa ajili ya meza ya wazee, ugali wa uwele na mlenda. Msiudharau huo ugali. Kwangu ndio uliokwisha kabla ya pilau. Mchinjaji awe Mwislamu hata kama ukoo wenu wote ni Wakristo, maana majirani watakula. Mvinyo, kama mnao, utoke baada ya wazee kuondoka.

Hatua ya 7: Baraka kabla ya chakula. Hapa soma taratibu.

Mwaka 2021 niliweka chakula kwanza. Niliona watu wametoka mbali, nikasema wale, wapumzike, tutabariki saa kumi jua likipoa. Chakula kikachelewa, kikatoka saa nane na nusu. MC naye akashika kipaza sauti kutambulisha koo. Saa tisa na robo dereva wa Noah iliyowaleta wa Mpwapwa akaanza kupiga honi, kwa sababu makubaliano yao yalikuwa wafike kabla ya giza. Baba mkubwa, kaka yake baba yangu, ndiye mzee pekee aliyebaki kwetu upande huo. Bado alikuwa na sahani mkononi. Hakugomba. Akanawa, akaniuliza, "Mlango uko upande gani?" Nikamwambia, "Baba, subiri kidogo, shehe anatawadha." Gari halikusubiri. Nilimkuta getini ameweka kiganja kwenye chuma cha geti, na chuma kile kilikuwa kinaunguza kwa jua, anasema maneno yake kwa Kigogo, sauti ya chini. Kiganja hakukiondoa mpaka alipomaliza. Akanigeukia: "Nimebariki geti, mwanangu. Ndani mtamalizia." Akapanda gari.

Baraka zenyewe tulikuja kuzifanya saa kumi na moja, nusu ya viti vitupu, watoto wanakimbizana vyumbani. Kila aliyetaka kuchaji simu alikuwa ameshaingia na kutoka. Tulikuwa tumewaita wazee watuingize nyumbani, wakakuta tumeingia wenyewe, na mmoja hakuingia kabisa. Hilo bado linaniuma.

Basi fanyeni hivi. Wazee wafike saa tatu, wapewe chai na maandazi uani. Saa nne na nusu wote wasimame mlangoni. Mlango uwe umefungwa tangu usiku wa jana, na ufunguo apewe mzee mmoja, yeye ndiye afungue. Kwetu sasa tunampa shangazi mkubwa. Wazee wanatangulia, wenye nyumba wanafuata, halafu wengine. Sebuleni mchungaji anaomba (wetu alisoma Zaburi ya 127), shehe anasoma Ayatul Kursi na kuomba dua. Nani aanze? Sisi tulisema mwenye umri mkubwa, na hakuna aliyenung'unika. Kisha mzee mmoja wa kila upande anasema kwa lugha yake, Kigogo, Kirangi, yoyote ile, bila kipaza sauti. Mnazunguka chumba kwa chumba. Jikoni msiparuke. Saa sita na nusu mmemaliza, wa kuswali adhuhuri wanaswali, saa saba chakula mezani.

Maonyo:
- MC asiguse kipaza sauti kabla baraka hazijaisha.
- Nyumba ikifungwa watu watahitaji choo. Kama huna cha nje, ongea na jirani mapema.
- Vuta waya wa soketi mpaka uani kwa ajili ya simu. Msidharau hili.
- Muulize dereva wa wazee saa ya kuondoka SIKU MOJA KABLA, umuulize yeye mwenyewe, usimuulize aliyelikodi gari.
- Mpiga picha apite nyuma ya wazee, asiwatangulie.

Hatua ya 8: Zawadi. Mtu mmoja aandike jina na kitu. Debe la karanga liandikwe sawa na friji.

Hatua ya 9: Kuwaaga. Nauli za wazee ziwe kwenye bahasha tangu asubuhi.

---

MASWALI

Kijana wa Chaduru: Naomba bajeti kwa ufupi na tarehe nzuri ni ipi.

Mleta somo: Tarehe ni hatua ya 1. Vipimo ni hatua ya 6, nenda navyo sokoni Majengo uulize bei ya siku hiyo. Bei ya leo nikikuandikia, mwezi ujao utanilaumu.

Mama Wawili: Shikamoo dada. Nyumba yetu ya Nala haijapigwa plasta, madirisha tumeziba kwa mabati, ila tunahamia kwa sababu kodi imetushinda. Mama mkwe anasema tusubiri iishe ndiyo tuite watu. Naona aibu kuita wageni kwenye matofali.

Mleta somo: Marahaba mdogo wangu. Usione aibu hata kidogo. Ya wifi yangu ilikuwa hivyo hivyo, vyumba viwili vimeezekwa na vingine viko wazi juu. Wazee walizunguka vyote, hata visivyo na paa. Shangazi alisimama kwenye chumba cha wazi akasema anakiombea bati, na watu wakacheka kwa furaha. Ila mama mkwe usimpite. Mwambie ninyi mnataka dua ya kuingia, watu ishirini, chai na uji wa uwele, na sherehe kubwa mtamwachia yeye apange siku nyumba ikiisha. Kisha mpeni yeye ufunguo afungue.

Sauti ya Kibaigwa: Mimi nyumba nimejenga kwa jasho langu, hakuna mjomba aliyenipa hata mfuko mmoja wa saruji. Hawa wazee wa kuzunguka vyumbani wanatafuta nini? Wengine tunawajua.

Mleta somo: Sijaandika kwamba ni lazima. Kama unamshuku mzee wako, usimwite, wala usimwite halafu umchunge kwa macho chumba kwa chumba, hilo ni tusi. Mimi wazee wangu nawaita kwa sababu nataka waingie kwangu wakiwa hai na wana nguvu za kutembea. Saruji sikuwadai.

Sauti ya Kibaigwa: Umenijibu kwa ukali.

Mleta somo: Umewagusa wazee wangu, kaka. Swali la turubai au la maji nitakujibu vizuri.

Mpangaji Area C: Je, nyumba ya kupanga inabarikiwa? Nimehamishiwa kikazi kutoka Dar, ni chumba na sebule, ukoo wangu wote uko Tanga.

Mleta somo: Kwa nini isibarikiwe? Unalala humo, watoto wako wanaamka humo. Hapo huhitaji turubai. Waite majirani wa ua mmoja, na kama una jumuiya kanisani au watu wa msikitini, waje watano sita. Wazee wa Tanga wapigie simu, weka sauti ya juu, waombe kutoka hukohuko. Mmoja akiweza kuja, reli mpya ya SGR imefika mpaka huku tangu 2024. Mpelekee nauli afike Dar, kutoka pale tiketi mkatie wewe, mwisho wa wiki zinakwisha mapema.

Fundi Bomba: Naongeza kwenye maji. Simtanki likijaa haitoshi, jaribu koki zote Alhamisi hiyohiyo. Nyumba mpya mara nyingi bomba la jikoni lina mchanga wa ujenzi, siku ya wageni linaziba. Fungua kile kichujio mdomoni mwa koki, suuza, rudisha.

Mleta somo: Asante sana fundi. Hili sikulijua, na jikoni kwangu maji yalidondoka tone tone siku nzima.

Binti wa Singida: Dada, mlenda wa watu 80 unapikwaje usiwe mabonge? Wa kwangu nyumbani kwa watu sita tu unanishinda.

Mleta somo: Swali zuri, na nitakujibu kama alivyonifundisha mama mdogo. Tumia ule uliokaushwa na kutwangwa. Chemsha maji na chumvi kwanza, yakitokota punguza moto. Unga wake unanyunyiza kwa vidole kidogo kidogo huku mkono mwingine unakoroga. Ukimwaga kwa kikombe, hayo ndiyo mabonge yako. Ukishikana, weka karanga zilizosagwa ulizozikoroga na maji ya uvuguvugu pembeni. Usifunike sufuria, utafurika mpaka uzime moto. Kwa watu wengi pika sufuria tatu za kati, ile moja kubwa iache.

Mama Wawili: Na mimi nimechukua hiyo ya mlenda. Mama mkwe amekubali, dada. Amesema ufunguo ataufunga kwenye kanga yake tangu Ijumaa.

Mleta somo: Mungu awatangulie. Kumbuka kunyunyiza maji uani.

Kijana wa Chaduru: MC wa bei nafuu yupo?

Mleta somo: Kwa watu 80 mtafute mjomba mwenye sauti.

Mwalimu wa Mvumi: Nimesoma hatua ya 7 mara mbili. Samahani kama nauliza jambo la ndani. Baba mkubwa alikuja tena?

Mleta somo: Alikuja, mwalimu. Mwaka 2022, mwezi wa nane, peke yake, na basi. Hatukuita watu. Nilifunga mlango, nikampa ufunguo. Alivua viatu kizingitini, akaingia chumba kwa chumba, kila mahali anagusa ukuta. Alipofika chumba cha mwisho akauliza, "Hiki cha nani?" Nikamwambia cha wageni. Akakaa kitandani, akabonyeza godoro kwa mkono, akasema basi ni chake. Akalala hapohapo mpaka saa kumi. Nilimpelekea chai humohumo.